Majina ya Sili wa Kusini

Mtu wa mwambao akitajiwa mnyama wa baharini anyonyeshaye, pengine humkumbuka nguva. Lakini nguva ni wa ukoo wa tembo. Sili ana udugu na mbwa na dubu, na wengi wao hukaa katika bahari za baridi.

Mwaka 1825, nahodha James Weddell, mwindaji wa sili kutoka Uingereza, alichapisha kitabu cha safari zake za kusini, chenye picha ya sili wa madoadoa. Mwaka uliofuata, Mfaransa René Lesson alimpa mnyama huyo jina la nahodha, lakini akamtia katika kundi la sili wenye masikio ya nje, ambayo yeye hana. Kosa la ukoo likaja kusahihishwa, jina likabaki.

Mwenzake aliitwa mla kaa, ilhali chakula chake hasa ni uduvi, auchujao kwa meno yaliyochongoka mithili ya chekeche. Wa tatu akalinganishwa na chui. Wa nne alipewa mwaka 1844 jina la nahodha mwingine, James Clark Ross.

Hao wanne ni ndugu wa karibu. Wataalamu walibishana kwa miaka mingi: je, sili wenye masikio na wasio nayo walizaliwa na mababu mbalimbali? Uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba asili yao ni moja. Mifupa nayo ina ushahidi wake. Huko Langebaanweg, Afrika Kusini, umefukuliwa mfupa baada ya mfupa wa sili aliyeishi yapata miaka milioni 5 iliyopita. Mwaka 2020 alitangazwa mwingine wa kale kutoka New Zealand, jamaa wa sili wa maji ya joto, ambao hadi hapo walidhaniwa kuwa hawakupata kuishi kusini ya ikweta. Nasaba ikabidi isomwe upya.

Hata hivyo, Weddell huyo huyo alikadiria kwamba ngozi 320,000 za sili wa manyoya zilichukuliwa katika visiwa vya South Shetland mwaka 1821 na 1822, akakiri kuwa wanyama hao walikuwa karibu kwisha. Kosa la jina hufutwa kwa kalamu. Ukoo ukikatika, hakuna kalamu iwezayo kuurudisha.