Wageni wa Agosti Usukumani

Tarehe 3 Agosti 1858, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipoliona Ziwa Viktoria kwa mara ya kwanza kutoka vilima vya Mwanza, fikra zake zilikuwa juu ya chimbuko la Mto Nile, wala si juu ya chamchanga, kindege cha kahawia chenye tumbo jeupe, atembeaye ukingoni akitikisa mkia bila kutulia, ambaye mwezi huo huo huanza kuwasili kutoka Ulaya na Asia, wakubwa wakitangulia na makinda wakifuata baadaye bila kiongozi. Gustav Fischer, tabibu wa Kijerumani aliyepita pande hizo mnamo 1885 na 1886, aliachia jina lake kasuku mdogo wa nchi ile. Chamchanga, aliye msafiri hodari zaidi, alikwisha kupewa lake la kitaalamu na Linnaeus wa Sweden miaka 100 kabla ya Speke.

Huko huko Usukumani, Mkoa wa Simiyu, ulioasisiwa mwaka 2012, unapakana na ziwa hilo upande wa Busega tu. Bariadi, makao yake makuu, iko mbali na ziwa. Walakini malambo ya kunyweshea ng'ombe, ambayo Waingereza waliyachimba kwa wingi Usukumani baada ya 1947, kwa ajili ya mifugo na si ndege, yaliwaongezea wageni hawa matope ya kutulia, hata katikati ya kiangazi.