Sauti ya Kuazima: Sifa na Upungufu wa Sinema "Singin' in the Rain"

Sinema isimuliayo habari za sinema hujitwika kazi mbili zisizopatana: kumpendeza mtazamaji kwa hadithi, na kumwonyesha jinsi hadithi zinavyotengenezwa. Kazi ya kwanza hutaka kuficha. Ya pili hutaka kufichua. "Singin' in the Rain", iliyotolewa na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer mwaka 1952, ilijitwika zote mbili. Waongozaji wake walikuwa Gene Kelly na Stanley Donen. Waandishi wake, Betty Comden na Adolph Green. Ni hadithi ya mapenzi iliyowekwa Hollywood mwaka 1927, wakati sinema bubu ilipoanza kunena. Kwa kuwa wako wengi walioujua wakati huo kwa njia ya sinema hii kabla ya kuusoma vitabuni, yafaa ipimwe kwa mizani ya historia: wapi imesema kweli, na wapi imeikwepa.

Historia yenyewe ni hii. Tarehe 6 Oktoba 1927 kampuni ya Warner Bros. ilionyesha "The Jazz Singer" mjini New York. Hiyo haikuwa sinema ya kwanza kuambatana na sauti, maana "Don Juan" ya mwaka 1926 ilikwisha kuonyeshwa pamoja na muziki ulionaswa katika santuri. Wala haikunena tangu mwanzo hata mwisho. Sehemu yake kubwa ilikuwa bubu bado. Walakini nyimbo za Al Jolson, na maneno machache aliyoyasema kati ya nyimbo, yaliwasisimua watu kupita kiasi. Mwezi wa Julai 1928 ikatoka "Lights of New York", sinema ndefu ya kwanza iliyonena yote. Muongo haukuisha ila Hollywood ilikuwa imekwisha kuipa kisogo sinema bubu.

Katika hadithi, Don Lockwood na Lina Lamont ni nyota wawili ambao magazeti yamewatangaza kuwa wapenzi, na sivyo. Lina ana sura ya malkia na sauti ya kukwaruza masikio. Don anampenda Kathy Selden, msichana asiye na jina lakini mwenye sauti tamu. Kampuni inapolazimika kutoa sinema ya kunena, Kathy anatakiwa kusema na kuimba badala ya Lina, pasipo watu kujua. Mwishoni pazia linainuliwa mbele ya hadhara, mwenye sauti anajulikana, na wapenzi wanapatana.

Sifa ya kwanza ya sinema hii ni ukweli wake juu ya vyombo vya kazi. Maikrofoni inafichwa katika kichaka. Lina akigeuza kichwa, sauti yake inapotea. Ikitiwa kifuani pake, inanasa mapigo ya moyo. Kamera imefungiwa ndani ya kibanda, kwa sababu mngurumo wake ungesikika. Siku ya maonyesho ya majaribio sauti inaachana na picha: Lina anafumbua kinywa, na inatoka sauti nzito ya mwanamume. Vichekesho hivi si uzushi. Katika mfumo wa Vitaphone picha ilikuwa katika utepe na sauti katika santuri. Sindano ikiruka, au utepe ukikatika na kuungwa, viwili hivyo vilipotezana. Mtazamaji anacheka, na katika kucheka kwake anafundishwa.

Sifa ya pili ni kwamba mapenzi hayakubandikwa juu ya historia kama pambo. Kathy, katika makutano yao ya kwanza, anamwambia Don kwamba waigizaji wa sinema bubu ni vivuli tu, wala si waigizaji. Neno hilo linamchoma, na jeraha lake ndilo mlango wa mapenzi. Hata ngoma mashuhuri ya mvuani, ambayo Kelly aliicheza akiwa na homa, inakuja usiku ule ule walipovumbua njia ya kuiokoa sinema yao. Furaha ya mpenzi na furaha ya fundi zimekuwa furaha moja. Ndiyo sababu ngoma ile haichoshi kutazamwa.

Upungufu nao upo, na mwingine ni mdogo. Arthur Freed, mtengenezaji wa sinema hii, alikuwa mtunzi wa maneno ya nyimbo pamoja na Nacio Herb Brown, mtunzi wa muziki, na hadithi ilitungwa ili kuzitumia nyimbo zao za zamani. Wimbo uliotoa jina ulisikika katika sinema ya mwaka 1929, "Would You?" ni wa mwaka 1936, na "Good Morning" wa mwaka 1939. Jicho linaonyeshwa mwaka 1927, na sikio linasikilizishwa muongo uliofuata. Hilo lasameheka.

Upungufu mzito zaidi ni wepesi wa kupita juu ya maumivu. Cosmo, rafiki wa Don, hupiga piano wakati sinema bubu zinapopigwa picha. Anaposikia habari za sauti anasema kwamba amekwisha kupoteza kazi. Papo hapo anapewa uongozi wa idara ya muziki. Katika historia, maelfu ya wanamuziki waliopiga katika majumba ya sinema waliachishwa kazi, na chama chao kililipa matangazo magazetini kuupinga muziki wa mashine. Kadhalika Don anachekwa na watazamaji kwa kurudiarudia maneno ya mapenzi, kisa kinachokumbusha kile cha John Gilbert katika "His Glorious Night" ya mwaka 1929. Don anapona kwa usiku mmoja. Gilbert hakupata tena cheo chake cha kwanza, naye alikufa mwaka 1936. Sinema imechukua kicheko ikaacha kilio.

Lakini upungufu ulio mkubwa kuliko yote umo katika kiini cha hadithi: nani aliyeiba sauti? Sinema inajibu kwamba ni Lina, mwanamke mwenye wivu, ambaye kwa mkataba wake anamtisha mkuu wa kampuni. Mkuu huyo ameonyeshwa kama mzee mwema asiye na hila. Mambo hayakuwa hivyo. Mikataba ya siku zile ilikuwa silaha ya kampuni. Ni mwaka 1944 tu ambapo mahakama ya rufani ya California, katika kesi ya Olivia de Havilland na Warner Bros., ilithibitisha kwamba mwigizaji hawezi kufungwa kupita miaka saba. Na Louise Brooks alipokataa kurudi kutia sauti katika "The Canary Murder Case" ya mwaka 1929, kampuni ya Paramount ilimtumia Margaret Livingston kusema badala yake. Aliyeazima sauti alikuwa tajiri, si nyota.

Ushahidi mkali kuliko wote umo ndani ya sinema yenyewe. Kathy anapoonekana akiimba "Would You?" kwa niaba ya Lina, sauti isikikayo si ya Debbie Reynolds, aliyemwigiza Kathy, bali ni ya Betty Noyes. Na pale Kathy anapoonekana akinena badala ya Lina, sauti ni ya Jean Hagen, yaani ya huyo huyo aliyemwigiza Lina, ambaye kwa maumbile alikuwa na sauti nzuri. Jina la Noyes halikutajwa katika orodha ya watendaji. Sinema inayofundisha kwamba mwenye sauti astahili jina lake ilimnyima jina mwenye sauti. Hakuna pazia lililoinuliwa kwa ajili yake.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. "Singin' in the Rain" imeonyesha kwa ufundi wa ajabu jinsi chombo kilivyoundwa. Imeficha baadhi ya waundaji. Kwa ajili hiyo ni shahidi mwaminifu wa mashine za mwaka 1927, na shahidi asiyejijua wa desturi za mwaka 1952, wakati kampuni kubwa zilipokuwa zikilazimishwa kuachana na majumba yao ya maonyesho kwa hukumu ya mwaka 1948, huku televisheni ikiwanyang'anya watazamaji. Nyumba iliyoanza kutikisika ilijisimulia ujana wake, na katika masimulizi hayo ikajitoa hatiani. Mwanafunzi wa historia na aitazame kwa furaha, maana furaha yake ni ya kweli. Kisha, taa zikiwashwa, aulize ni sauti ya nani aliyoisikia.