Waliosimama Mbele ya Jukwaa: Roki ya Jadi ya Uingereza na Wapenzi Wake

Tarehe 27 Mei 1967, katika ukumbi wa Kanisa la Mtakatifu Mikaeli huko Golders Green, kaskazini mwa London, kundi changa lililojiita Fairport Convention lilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo kijana Martin Lamble. Alisikiliza, akampima mpiga dramu, na onyesho lilipokwisha akawaendea wenyewe na kuwaambia kwamba yeye angeipiga vizuri zaidi. Wakamjaribu, na kazi akaipata. Shabiki wa kwanza wa kundi hilo tunayemjua kwa jina hakudumu ushabikini.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu historia za roki ya jadi huandikwa zaidi kutoka upande wa jukwaa: nani alitunga, nani aliondoka, albamu gani ilifuata ipi. Upande wa pili, wa waliokaa vitini au kusimama kwenye matope, hupewa aya moja mwishoni. Na hao ndio waliouweka muziki huu hai pale wafanyabiashara walipoutupa.

Nyimbo zenyewe ni za kale kuliko magitaa yaliyokuja kuzibeba. Mwaka 1903 Cecil Sharp alimsikia mtunza bustani mmoja wa Somerset, John England, akiimba kazini, na tangu siku hiyo akazunguka vijijini akikusanya. Kabla yake Mmarekani Francis James Child alikuwa amekwisha kupanga mashairi ya masimulizi 305, yenye mauaji, mapenzi ya siri, mizimu na mabaharia wasiorudi. Ilipofika miaka ya 1960 nyimbo hizo zilikuwa na makazi mapya katika klabu ndogo za muziki wa jadi: vyumba vya juu ya baa, au ghala la chini ya ardhi kama Les Cousins, namba 49 mtaa wa Greek, Soho. Humo msikilizaji alikuwa mlinzi wa mila. Alikaa kimya, akaitikia kiitikio, na akamnunia aliyeleta vipaza sauti. Klabu ya Ewan MacColl ilifika mbali zaidi: ilimtaka mwimbaji aimbe nyimbo za watu wake mwenyewe, kwa lugha yake.

Hadhira ya namna hiyo ndiyo iliyomkuta Bob Dylan na gitaa lake la umeme mjini Manchester, Mei 1966, mtu mmoja akamwita Yuda mbele ya ukumbi mzima. Kanda ya usiku ule ilizunguka kwa magendo karibu miaka thelathini, ikidaiwa kuwa ya Royal Albert Hall, hadi ilipotolewa rasmi mwaka 1998. Watunzaji wake walikosea jina la ukumbi, ila kanda hawakuipoteza.

Fairport wenyewe walianza kwa kuiga Marekani. Mambo yalibadilika mwaka 1968 alipoingia Sandy Denny, mwimbaji aliyelelewa na zile klabu, akiwa na nyimbo za zamani kichwani. Walipourekodi wimbo wa baharia anayetafutwa na mpenziwe, “A Sailor's Life”, pamoja na Dave Swarbrick wa fidla, waliuacha ukue kwa zaidi ya dakika kumi na moja, sauti ikitangulia, kisha dramu za Lamble zikiinuka taratibu kama maji yanavyojaa.

Lamble hakuyafaidi matunda yake. Alfajiri ya tarehe 12 Mei 1969, wakirudi kutoka onyesho la Birmingham, gari lao lilipinduka kwenye barabara kuu ya M1. Lamble alifariki akiwa na miaka 19, na pamoja naye Jeannie Franklyn, rafiki wa mpiga gitaa Richard Thompson. Waliosalia walijifungia kiangazi chote katika nyumba moja huko Farley Chamberlayne, Hampshire, na mpiga dramu mpya, Dave Mattacks, huku Swarbrick akiwa mwanachama kamili. Ashley Hutchings, mpiga besi, alipekua hifadhi ya Cecil Sharp House kutafuta matini. Septemba 24 waliyaonyesha waliyoyapika katika ukumbi wa Royal Festival Hall, na mwezi Desemba ikatoka albamu ya Liege & Lief. Mwaka 2006 wasikilizaji wa redio ya BBC waliipigia kura kuwa albamu ya muziki wa jadi yenye athari kubwa kuliko zote.

Lakini kabla santuri haijafika madukani, Denny na Hutchings walikuwa wamekwisha kuondoka. Kundi linalopendwa kuliko yote katika muziki huu lilidumu jukwaani majuma machache tu. Waliolisikia likiwa kamili ni watu wachache, na waliobaki, mimi nikiwamo, tunaishi kwa kusimuliwa. Hapo ndipo ilipozaliwa njaa ya kanda. Mashabiki waliunganisha vinasa sauti na redio zao kila kipindi cha mtangazaji wa BBC John Peel kilipowaalika wanamuziki hawa, na walifanya vyema, kwa kuwa shirika la utangazaji lilikuwa na desturi ya kufuta kanda zake ili zitumike tena. Baadhi ya yale yaliyokuja kuuzwa rasmi miaka mingi baadaye yalitoka kwenye makabati ya wasikilizaji hao.

Mtu asiyeuzoea muziki huu huuliza: wimbo ule ule, mara saba, wa nini? Jibu ni kwamba haukuwa ule ule. Chukua “Sloth”, uliomo katika albamu ya Full House ya mwaka 1970. Katika santuri ni wimbo wa dakika tisa. Septemba mwaka huo huo, katika klabu ya Troubadour mjini Los Angeles, ni mabishano: gitaa la Thompson linatoa hoja, fidla ya Swarbrick inaipinga, dramu zinangoja mshindi, na mshindi hapatikani. Bila Denny kundi halikuwa na sauti ya kutisha tena, kwa hiyo lilipiga ala kana kwamba linadaiwa. Wengi wataniona mkaidi, lakini kanda za Troubadour nazipenda kuliko Liege & Lief yenyewe.

Kundi la Pentangle walikuwa kinyume chake: wapole, wenye jazi vidoleni, kama wanavyosikika katika ile santuri ya jukwaani ya Sweet Child, iliyonaswa Juni 1968. Steeleye Span, kundi aliloanzisha Hutchings baada ya kuondoka Fairport, waligeukia mbwembwe. Katikati ya miaka ya 1970, wakiwa na nyimbo kwenye chati, meneja wao aliamua maelfu ya pauni za noti yamwagwe juu ya vichwa vya watazamaji wa Hammersmith Odeon. Kwa msomaji aliyekulia kwenye taarabu, ambako ni hadhira inayonyanyuka kumtunza mwimbaji, kichekesho kiko wazi: hapa jukwaa ndilo lililowatunza watu.

Denny alipiga onyesho lake la mwisho London, ukumbi wa Royalty, tarehe 27 Novemba 1977. Aprili iliyofuata alifariki akiwa na miaka 31. Kanda ya usiku huo ilingoja hadi 1998, na kwa kuwa ilikuwa na kasoro, sehemu za ala zilipigwa upya studio. Nawaelewa wanaonung'unika. Sauti iliyochoka, yenye mikwaruzo, haistahili kuzungukwa na gitaa lisilokuwapo siku ile.

Mwaka 1979 kampuni yao ya santuri iliwalipa Fairport ili wasirekodi tena. Ilikuwa nafuu kuliko kuwarekodi. Wakaamua kuaga. Tarehe 4 Agosti walipiga mchana huko Knebworth, katika tamasha la Led Zeppelin, kisha wakakimbilia kijiji cha Cropredy, Oxfordshire, kuwaaga watu wao jioni. Hakuna kampuni iliyoitaka rekodi ya ziara hiyo ya kuaga. Mpiga besi Dave Pegg na mkewe wakaitoa wenyewe, na mashabiki wakainunua kwa posta. Mwaka uliofuata walirudi shambani “kukumbukana”, na mwaka uliofuata tena, hadi likawa tamasha la siku tatu lililofikia kupokea watu wapatao elfu ishirini. Rekodi za makutano yale ziliuzwa kwa kaseti. Moja iliitwa The Boot, jina linalochezea neno la Kiingereza la kanda za magendo, kwani walijua wazi kwamba wasipoitoa wao, mtu aliye mstari wa mbele ataitoa.

Mapenzi hayo yalionekana pia kitandani mwa mgonjwa. Mwaka 1999 Swarbrick alilazwa Coventry kwa ugonjwa wa mapafu, na gazeti la Daily Telegraph likachapisha tanzia yake naye yu hai. Aliisoma, akasema haikuwa mara yake ya kwanza kufa Coventry. Wasanii wa kule husema mtu amekufa pale hadhira inapomkaukia. Baadaye akawa anauza nakala zenye saini yake kwenye maonyesho. Wapenzi na wanamuziki wenzake walichanga fedha kwa matamasha waliyoyaita SwarbAid. Aliishi hadi 2016.

Agosti 2007, miaka arobaini tangu Golders Green, wote waliobaki wa Liege & Lief walisimama pamoja Cropredy na kuipiga albamu nzima, Chris While akiimba mahali pa Denny. Kisha, kama kila mwaka, usiku wa mwisho ulifungwa kwa “Meet on the Ledge”, wimbo alioutunga Thompson akiwa hajatimiza miaka ishirini. Ukifika kiitikio, shamba zima huimba, na wanamuziki husogea nyuma kidogo kutoka kwenye vipaza sauti.