Mhusika Mzidi

Mhusika mzidi ni mhusika katika mchezo wa kuigiza mezani ambaye uwezo wake umewapita wahusika wa wachezaji wengine hadi wao wakakosa la kufanya. Mchezo wenyewe ni wa maneno, karatasi na dadu. Msimulizi mmoja hueleza mahali na matukio, na kila mchezaji humsemea mhusika wake. Ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons.

Waingereza husema overpowered, na vijana wa Nairobi hukata hadi OP. Tafsiri inayokuja haraka ni “mwenye nguvu kupita kiasi”. Ni Kiswahili kisicho na kasoro, ila hakisemi kiasi hicho kimepimwa kwa kipi. Kitenzi kuzidi kina faida hapo, kwani mara nyingi huchukua yambwa: ukisikia kwamba fulani amezidi, utauliza amemzidi nani. Jibu ndilo kiini cha istilahi. Joka lililoshindwa na mhusika halilalamiki, na msimulizi anaweza kuleta joka jingine kubwa zaidi. Waliozidiwa ni wenzake waliokaa meza moja naye, wanaosubiri zamu zao huku kazi imekwisha. Jagina na nguli hayafai, maana hayo ni maneno ya sifa au ya nafasi katika hadithi. “Mhusika mzidi” linakaa vizuri kando ya mhusika bapa na mhusika duara, ambao mwanafunzi wa fasihi anawafahamu.

Simulizi za Kiswahili zina shujaa wa namna hii tangu zamani, naye hakumsumbua mtu. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhamadi Kijumwa aliyatungia utenzi mwaka 1913, maadui walipanga kikoa cha kula makoma: kila mmoja angepanda mti kwa zamu, naye Liyongo angepigwa mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Hadhira hufurahi, kwa sababu hakuna msikilizaji aliyemiliki mmoja wa wale wengine. Mezani kila msikilizaji ana wake. Liyongo yuleyule, akichezwa na mtu mmoja kati ya wanne, angewaacha watatu wakiwa watazamaji.

Uzidi huzaliwa kwa njia chache: mchezaji mmoja anazijua kanuni kuliko wenzake na kuunganisha uwezo ambao watunzi hawakudhani ungekutana, au msimulizi amegawa hazina kwa ukarimu usio na breki. Dawa ya zamani ilikuwa mitego ya kuua. Gygax aliandaa hadithi ya kucheza iitwayo Tomb of Horrors kwa mashindano ya mwaka 1975, ikachapishwa 1978, akikusudia kuwajaribu waliojigamba kwamba wahusika wao hawashindiki. Kama mtihani wa mashindano, ilifaa. Kama tiba ya kundi la marafiki ni mbaya, kwani shimo lililochimbwa kumtosha mzidi humfukia kwanza aliye dhaifu.

Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, lilipunguza makali ndani ya kanuni zenyewe. Alama ya kimaumbile, kama nguvu au wepesi, kwa kawaida haivuki 20. Vifaa vya ajabu vinavyohitaji kufungamana na mwenyewe haviruhusiwi kupita vitatu kwa wakati mmoja. Uganga unaohitaji umakini hauwezi kudumishwa mara mbili: ukianzisha wa pili, wa kwanza unakatika.

Ufundi wa msimulizi, hata hivyo, umo katika kuchagua matatizo. Tuseme hadithi imewekwa Gachoka, huko Mbeere nchini Kenya, na mzidi ni mpiga upinde asiyekosa. Kuongeza majambazi ni kumpa tu shabaha zaidi. Lakini gari la muguka, majani ya kutafuna, lazima liondoke kabla majani hayajanyauka na bei kuporomoka. Wakati huohuo wazee wanasikiliza kesi ya mpaka wa shamba, na mvuvi hajarudi kutoka bwawa la Kamburu, lenye viboko na mamba. Mshale hauwezi kuamua mpaka, na mwenye upinde hawezi kuwa mahali patatu. Mchuuzi anayejua bei na msichana anayesikilizwa na wazee wanapata kazi ambayo hawakuazimwa na mtu. Mpiga upinde naye abaki na uwanja wake. Kuchagua kila mara tatizo linalomlemaza ni adhabu, na mchezaji huitambua upesi.

Liyongo mwenyewe hakushindwa na jeshi. Alishindwa na mwanawe, aliyehongwa, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Msimulizi anayetaka kumgusa mzidi bila kumvunja humfungia jamaa, deni au ahadi, vitu ambavyo havihesabiwi kwenye karatasi ya alama.

Pale ambapo kasoro ni ya kanuni, hadithi haiwezi kuitibu. Mchezaji huambiwa kando, kabla ya kikao, kwamba kifaa au uganga fulani utafanyiwa marekebisho, naye aruhusiwe kupanga mhusika wake upya. Mara nyingi ni rahisi zaidi kuwapandisha watatu waliobaki kuliko kumshusha mmoja, na hakuna anayerudi nyumbani amenuna.