Kulinganisha bei msimu wa sikukuu: Adabu na hasara zake Kwale

Mwezi wa Desemba unapowadia, mji wa Ukunda hubadilika sura. Watalii wa humu nchini hufurika katika hoteli za Diani, wenyeji wanaofanya kazi Mombasa na Nairobi hurejea makwao, nayo maduka yaliyo kando ya barabara ya Likoni kuelekea Lunga Lunga hupanga bidhaa hadi kibarazani. Hali huwa hiyo hiyo Idd-ul-Fitr inapokaribia, kwa kuwa Waislamu ni wengi katika kaunti ya Kwale. Ni katika nyakati hizi ambapo husikika mara kwa mara kauli hii: "Ng'ambo wanauza chini ya hapo. Nawe niuzie hivyo hivyo."

Ombi hilo si sawa na kupatana bei kulikozoeleka. Anayepatana bei hutetea mfuko wake mwenyewe, na muuzaji hutetea wake. Anayelinganisha humleta kwenye mazungumzo mtu wa tatu asiyekuwepo, ambaye hawezi kuulizwa kama kweli anauza kwa bei hiyo. Katika nchi nyingine, jambo hili limegeuzwa kuwa ahadi rasmi ya duka. Nchini Uingereza, maduka ya John Lewis yaliahidi tangu 1925 kwamba hayatakubali kushindwa kwa bei, yakaiondoa ahadi hiyo mwaka wa 2022 na kuirejesha Septemba 2024. Ukunda na Msambweni, kwa mwenye duka wa kawaida, hakuna bango la aina hiyo. Mwenye duka hukata shauri papo hapo, na aghalabu huamua kwa kumtazama aliyesimama mbele yake.

Ndiyo maana namna ya kuuliza ina uzito. Salamu hutangulia, hata kama foleni ni ndefu. Anayeingia dukani akionyesha picha ya bei kwenye simu kabla ya kumsalimu mzee aliyeketi nyuma ya meza ameshapoteza nusu ya alichokuja kutafuta. Pili, swali liulizwe kwa sauti ya chini. Muuzaji anaweza kumpunguzia mteja mmoja, lakini akiombwa mbele ya watu kumi hatakubali, kwani atalazimika kuwapunguzia wote. Tatu, liulizwe kabla mchele haujapimwa au kitambaa hakijakatwa.

Linalokera zaidi ni uongo. Kutaja bei ya duka ambalo hukuingia ni kumdanganya mtu katika riziki yake, na wafanyabiashara wa mji mdogo hupigiana simu. Wauzaji nao wana mipaka yao. Mafundisho ya Kiislamu yanakataza kuingilia mauzo ambayo wengine wameshakubaliana, na pia kupandisha bei ya kitu usichokusudia kukinunua. Kwa hivyo, jirani anayemwita mteja aliyekwisha kukubaliana na mwenzake, akimwahidi bei ya chini, hujikuta akilaumiwa baraza zima. Hata hivyo, mnunuzi hakufungwa kabisa: katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuvunja mauzo maadamu hawajaachana pale walipouziana.

Ipo bidhaa ambayo kulinganisha bei yake hakuna maana kubwa, nayo ni samaki. Desemba ni msimu wa kaskazi, bahari hutulia na mavuno huwa bora kuliko wakati wa kusi. Lakini bei ya changu asubuhi huko Gazi au Shimoni si bei yake alasiri, hasa pasipokuwa na barafu. Mama karanga aliyenunua kwa pesa taslimu mashua zilipotia nanga, akalipa nauli na kununua mafuta ya kukaangia, hawezi kuambiwa auze kwa bei ya ufuoni. Anayeitaka bei ya ufuoni aende ufuoni mwenyewe, na aende mapema.

Hasara kubwa ya mtindo huu, kwa maoni ya mwandishi, humwangukia mwenye duka dogo. Duka kubwa hununua shehena nzima kutoka kiwandani na mara nyingi hulipa baada ya wiki kadhaa. Mwenye kibanda hununua katoni moja kwa mwuzaji wa jumla, kwa pesa taslimu. Akilazimishwa kulingana na duka kubwa, huenda akauza chini ya bei aliyonunulia. Hata hayo makubwa hayako salama: Nakumatt, iliyokuwa ikitajwa kuwa mfano wa ufanisi wa rejareja nchini, ilianguka ikiwa na madeni ya mabilioni ya pesa, na mwaka wa 2020 wadai wake wakaafiki ifungwe. Miongoni mwa walioachwa bila kulipwa walikuwa wauzaji waliokuwa wakiipelekea bidhaa.

Kisha kuna daftari. Mvua za masika zinapoanza, hoteli kadhaa za Diani hupunguza wafanyakazi au kufunga kwa miezi kadhaa. Mwaka wa 2020, janga la Covid-19 lilipozuka, zilifungwa kwa wingi. Katika miezi hiyo, unga, sukari na mafuta ya taa ya familia nyingi hutoka kwa mwenye duka la mtaani, ambaye huandika jina na kusubiri. Hatozi riba. Bei yake ya juu kidogo ndiyo malipo ya subira hiyo. Mteja anayekopa Mei kisha Desemba akamdai bei ya duka kubwa, ambalo halijawahi kumkopesha hata kibiriti, anaomba vitu viwili visivyokaa pamoja. Zaidi ya mwenye duka mmoja hulijibu ombi hilo kwa kulifungua daftari juu ya meza, bila kusema neno.

Mnunuzi naye apige hesabu vizuri. Tuseme vitu vya sikukuu vinapatikana Mombasa kwa Sh400 chini ya bei ya Ukunda. Anayevuka kwa miguu kwenye feri ya Likoni halipi, lakini atalipa matatu ya kwenda na kurudi, na nauli hupanda msimu wa sikukuu. Akila chakula cha mchana mjini, faida imekwisha, na siku imepotea. Aidha, ahakikishe kwamba anavyolinganisha vinafanana: mchele wa gredi moja, pakiti za uzani sawa, leso za kitambaa kile kile. Gorogoro haijazwi kwa namna moja kila mahali.

Liko pia tatizo lisiloonekana kwa urahisi. Mwaka wa 1986, mwanauchumi Mmarekani Steven Salop alieleza kwamba ahadi ya kulingana na bei ya mshindani yaweza kuzuia bei isishuke. Duka likijua kwamba kila punguzo litafuatwa na mwenzake siku hiyo hiyo, halioni sababu ya kupunguza. Nchini Kenya, Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza washindani kuafikiana bei na pia kumpotosha mnunuzi kuhusu bei. Haimlazimishi muuzaji yeyote kulingana na bei ya mwingine. Kwa hivyo, mteja aliyetozwa zaidi ya bei iliyoandikwa rafuni ana haki ya kulalamika. Aliyenyimwa bei ya ng'ambo hana.

Palipo na ugumu wa kupunguza, muuzaji wa Kwale huwa na njia nyingine, nayo ni nyongeza: nazi moja juu ya tano, kiganja cha mchele baada ya kipimo, kushonewa pindo la leso bila malipo. Mara nyingi, hilo ndilo jambo la busara kuomba, na husemwa kwa maneno machache: "Basi niongeze kidogo, mzee."