Mwanga Unafika Milimita Chache

"Nani hakukojoa damu, mjukuu wangu?"

Babu alinijibu hivyo huku akicheka. Alikuwa kitandani, amewekewa mpira wa mkojo, na mfuko uliokuwa ukining'inia pembeni ulikuwa na rangi ya juisi ya rozela. Utotoni yeye na wenzake walichunga ng'ombe Uyui, nje ya mji wa Tabora. Walioga kwenye malambo, wakapanda mpunga kwenye majaruba. Mvulana aliyekojoa wekundu hakupelekwa popote. Walimwona amekua.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, nikisoma chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita makumi machache tu. Ukizimulika kwa mwanga unaofaa, hupata joto na kuua seli zilizo jirani. Mada yangu ilikuwa saratani ya kibofu cha mkojo. Niliichagua kabla ya kujua ugonjwa wa Babu, na ndugu zangu hadi leo hawaniamini.

Tabora ni mji wa njia panda. Burton na Speke, walioufikia Novemba 7, 1857, waliuita Kaze. Vitambaa, shanga na bunduki vilipanda kutoka Bagamoyo. Pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Buganda. Nikipita Kwihara, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, siwafikirii sana hao wawili. Nafikiria maji. Msafara wa mamia ya watu hauwezi kupiga kambi pasipo maji.

Kichocho cha mkojo hakihitaji mengi: mtu mwenye mayai ya mnyoo kwenye mkojo wake, konokono wa maji baridi wa aina fulani, na mtu mwingine wa kuingia kwenye maji hayohayo. Mabuu hutoka kwa konokono na kupenya ngozi. Msafara uliwaleta watu hao wawili kila siku. Sidai kwamba misafara ndiyo iliyoleta kichocho Unyamwezi, maana ugonjwa huu ni mkongwe kuliko barabara zetu. Mwaka 1910 daktari Ruffer alieleza alivyokuta mayai yake kwenye figo za maiti zilizokaushwa za Misri, zenye umri wa miaka 3,000 hivi.

Burton aliumwa miguu hadi akabebwa kwa machela. Speke alifika Ziwa Tanganyika macho yake yakiwa mabovu kiasi cha kutoliona vizuri. Yote hayo tunayasoma vitabuni. Mkojo wa mpagazi, nani angeuandika?

Walioandika walikuwa Cairo. Mwaka 1851 Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, aliwaona minyoo hao kwenye mishipa ya maiti. Mwaka 1911 Ferguson aliunganisha kichocho na saratani ya kibofu. Mwaka 1915 Leiper alionyesha kazi ya konokono. Yai lina mwiba nchani. Hukwama kwenye ukuta wa kibofu, na kidonda hupona na kuchimbika upya kwa miaka mingi, mpaka seli zinabadilika. Babu alizaliwa haya yote yakiwa yameshachapishwa. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata ile zahanati iliyompa antibayotiki za maambukizi ya mkojo karibu mwaka mzima bila kumwelekeza kwingine.

Historia ya mwanga ilianzia Munich. Oscar Raab, mwanafunzi tu kama mimi, alikuwa akipima sumu ya rangi ya akridini kwa paramesia. Majibu yalitofautiana, na tofauti ilikuwa mwanga uliokuwamo chumbani. Akachapisha mwaka 1900. Mwaka 1903 mwalimu wake, von Tappeiner, pamoja na Jesionek, walipaka rangi ya eosini kwenye uvimbe wa ngozi na kuumulika. Miaka ya 1970 Thomas Dougherty akaifufua kazi hiyo kule Buffalo, Marekani, na mwaka 1993 Kanada ikaidhinisha dawa ya Photofrin kwa saratani ya kibofu. Kibofu kinafaa kwa sababu kina uwazi ndani: uzi wa kupitishia mwanga huingizwa kwa njia ya mkojo. Ila ukimulika kibofu chote kinaweza kunywea, na mgonjwa huambiwa akae mbali na jua kwa wiki kadhaa. Mwambie hivyo mkulima wa tumbaku wa Urambo.

Chembe za nano zinatafuta kurekebisha kasoro hizo: zikusanyike kwenye uvimbe kuliko mahali pengine, ziamshwe na mwanga usioonekana kwa macho, unaopenya nyama zaidi. Maabara, kwenye seli zilizo kwenye sahani, zinafanya kazi vizuri. Nimeona mwenyewe.

Nilimpelekea msimamizi wangu majibu ya Babu, jina nimelifuta. Akaniuliza mwanga wangu ungefika wapi. Nikapiga hesabu usiku ule. Tiba hii inafaa saratani iliyo juujuu, ya milimita chache. Ile ya kichocho mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshaingia kwenye msuli, na ya Babu ilikuwa imeupita. Mwanga usingefika hata nusu.

Tulimzika Uyui. Siku hizi maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora kwa bomba, na shuleni watoto husimamishwa kwenye fito yenye alama, wapimwe urefu ili ijulikane wapewe vidonge vingapi vya prazikwanteli. Lambo la Babu lipo palepale na ng'ombe wanakunywa.

Tasnifu naimalizia. Sura ya kwanza ilikuwa inaanzia Munich. Nimeiandika upya, inaanzia kwenye lambo. Msimamizi anasema ni ndefu mno kwa tasnifu ya kemia. Sijaikata.