Fahamu: Jinsi Mirambo alivyojenga jeshi jipya Unyamwezi

Zamani mtemi wa Unyamwezi akitaka vita, aliwaita wanaume kutoka mashambani. Vita vikiisha, kila mtu na jembe lake.

Mirambo wa Urambo, magharibi mwa Tabora, akaja na utaratibu mwingine. Alikusanya rugaruga, vijana ambao kazi yao ilikuwa vita tu. Wengi walikuwa mateka, watumwa waliotoroka na wapagazi walioacha misafara. Mbinu aliiga kwa Wangoni, gobore alizipata kwa biashara ya pembe za ndovu na kwa kuteka.

Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walivamia kijiji chake cha Wilyankuru. Wakiwa njiani kurudi na mizigo ya nyara, rugaruga wakawavizia na kuwapiga vibaya. Baadaye mwezi huohuo Mirambo akaingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji.

Njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Hata Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini.

Lakini jeshi hilo lilikuwa na kasoro mbili. Bunduki na baruti zilitoka pwani, kwa hiyo aliihitaji njia ileile aliyoifunga. Pili, rugaruga walimfuata Mirambo mwenyewe, siyo kiti cha utemi.

Alipofariki Desemba 1884, mdogo wake Mpandoshalo alirithi utawala, ila hakuweza kuushikilia. Ndani ya miaka michache dola ikasambaratika, kabla hata Wajerumani hawajafika kuitawala Tabora.